Karani Aliyefanya Mazoezi Akiwa Amekaa

Palikuwa na nchi, na kwa kuwa wenyewe wangali hai na masikio yao ni mazuri, jina lake tuliache lilipo. Ilikuwa nchi ya amani mno. Hata mbwa wake walibweka kwa zamu.

Mkuu wa Nchi hiyo alikwenda kwenye mkutano ng'ambo, na huko akazawadiwa bangili nyeusi ya plastiki yenye kioo kidogo. Aliambiwa inapima ukali wa mazoezi: mtu akijituma, moyo hudunda haraka, bangili ikahesabu mapigo na kubadilika rangi. Kijani ni mapumziko, njano ni mazoezi ya wastani, nyekundu ni mazoezi makali. Mkuu wa Nchi aliitazama safari nzima ndani ya ndege. Aliposhuka, hakusubiri hata zulia litandikwe.

"Ndugu wananchi," alisema, "tumeishi miaka yote hii bila kujua taifa letu lina mapigo mangapi! Tumekuwa kama kuku, tunaishi tu!"

Wananchi walipiga makofi kwa dakika nne, kama ratiba ilivyoelekeza.

Mwezi haukuisha kabla kila mtumishi wa umma hajafungwa bangili mkononi, na ufunguo wake ukabaki wizarani. Amri ilikuwa fupi: kila mmoja apate dakika thelathini nyekundu kwa siku. Atakayeshindwa kwa mwezi mzima atahamishiwa Kituo cha Kuhesabu Nzige kule mpakani, mahali ambapo nzige wenyewe walihama zamani kwa upweke.

Katika Wizara ya Afya, Ukakamavu na Mwonekano Bora, kwenye chumba cha chini kinachoitwa masijala, alifanya kazi karani mmoja, Zamoyoni Pazi. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na ishirini na sita kati ya hiyo aliimaliza baina ya makabati ya majalada. Alikuwa mnene wa kiasi chake. Akiinama kufunga kamba za viatu, ilimbidi apumzike kati ya kiatu cha kwanza na cha pili. Na alikuwa mwoga. Hakuuchagua woga, kama mtu mrefu asivyochagua urefu. Alimwogopa mkuu wa masijala, alimwogopa dereva wa Waziri, lakini zaidi ya wote alimwogopa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Kishindo.

Mheshimiwa Kishindo alikuwa mtu mfupi mwenye sauti aliyoiazima kwa mtu mrefu na akasahau kuirudisha. Kila siku saa tatu kamili asubuhi aliingia wizarani akipita vyumba vyote, akimwita yeyote aliyemwona: "Wewe! Unafanya nini?" Aliyeitwa hakuwahi kuwa na jibu, hata kama alikuwa anafanya kazi.

Siku ya kwanza ya bangili, Zamoyoni alijaribu kuruka kamba nyuma ya makabati. Aliruka mara mbili. Kabati moja likaanguka, majalada ya miaka tisa yakamwagika, naye akaapa kutorudia. Nyumbani alimweleza mkewe, Siwema, fundi cherehani asiyeogopa kitu ila kukatika kwa umeme.

"Mama Tatu, mimi ni wa nzige. Jitayarishe."

"Basi tutahesabu," Siwema alisema, uzi ukiwa mdomoni. "Wewe hesabu wazima, mimi nitahesabu waliokufa."

*

Matokeo ya mwezi wa kwanza yalikuwa aibu. Wakurugenzi walionunua raba nyeupe walipata dakika tatu. Naibu Waziri, aliyepigwa picha akinyanyua vyuma, alipata dakika moja, ile ya kupigwa picha. Aliyeyasoma matokeo hayo kwenye kompyuta ni Bi Fausta Mkolwe, mtaalamu wa takwimu, binti aliyetoka chuoni juzi na ambaye bado alikuwa na tabia ya kusema anachokiona.

"Lakini yupo mmoja, Mheshimiwa," alimwambia Waziri. "Anapata dakika hamsini na moja kila siku. Nyekundu tupu."

"Nani huyo?"

"Karani wa masijala. Zamoyoni Pazi."

"Aitwe!"

Zamoyoni alipoambiwa anaitwa juu na Waziri, alipanda ngazi moja moja. Alishika ukuta, akanong'ona dua zote alizofundishwa utotoni, na nyingine akazitunga pale pale. Aliingia ofisini jasho likimtiririka mpaka kwenye kola. Bangili yake ilikuwa nyekundu kama pilipili. Kioo kilisoma mia moja thelathini na nane.

Mheshimiwa Kishindo aliinuka kitini. "Tazameni! Hata sasa hivi anafanya!"

"Mheshimiwa, mimi... mimi sijafanya kitu," Zamoyoni alisema, na mapigo yakapanda hadi mia moja arobaini na mbili.

"Na ni mnyenyekevu!" Waziri alipaza sauti. "Bwana Zamoyoni, mazoezi haya unayafanyia wapi?"

"Nimekaa tu, Mheshimiwa. Kitini."

Wakurugenzi walitazamana. Mmoja alitoa daftari akaandika: *Kitini.*

Bi Fausta alikohoa kidogo. "Mheshimiwa, naomba kusema. Bangili inahesabu mapigo tu. Haijui kwa nini moyo unapiga."

"Kwani moyo unapiga kwa sababu ngapi?"

"Nyingi, Mheshimiwa."

"Huko kwenu labda. Katika wizara hii ni moja, mazoezi!"

Jumatatu iliyofuata Zamoyoni alivishwa nishani na kuitwa Mkakamavu wa Taifa. Picha yake, tumbo likiwa limefichwa nyuma ya jalada kubwa, ilibandikwa kila ofisi yenye ukuta.

*

Ikaundwa kamati ya wataalamu kumi na tisa kuchunguza siri ya mazoezi ya kukaa. Walimzunguka Zamoyoni wiki nzima masijala, wakimpima kiti, wakipima chai yake, wakipima umbali kati ya pua yake na meza. Mwishowe waligundua jambo lisilo na shaka: mazoezi yake yalianza saa tatu kamili, Mheshimiwa Waziri alipoingia jengoni, na yalikoma Mheshimiwa alipokwenda kunywa chai. Siku Mheshimiwa alipougua mafua, Zamoyoni alikuwa kijani kutwa nzima.

Taarifa yao ilikuwa na kurasa mia tatu, na hitimisho lake lilikuwa mstari mmoja: *Mheshimiwa Waziri ni kifaa cha mazoezi.*

Mheshimiwa Kishindo aliusoma mstari huo mara sita. Halafu akauagiza uchapwe kwa herufi kubwa.

Hivyo ndivyo ulivyozaliwa Mpango wa Taifa wa Mdundo. Kila mkuu wa idara aliagizwa kuwakaripia walio chini yake mara mbili kwa siku, asubuhi na baada ya chakula cha mchana. Wenye sauti za upole walipelekwa kozi ya wiki mbili, wakarudi wakimkaripia hata mlinzi wa getini aliyewasalimia. Posta, ukinunua stempu, ulikaripiwa kwanza. Mashuleni walimu waliacha kuwatoa watoto uwanjani, kwa kuwa kuwakodolea macho darasani kulitosha na hakukuchafua sare. Timu ya taifa ya mpira ilivunjwa. Katikati ya uwanja mkuu, palipokuwa na nyasi, pakapangwa viti elfu mbili.

Nchi nzima ikawa nyekundu. Majirani wakaalikwa waje kujifunza, wakaja, wakakaripiwa, wakaondoka wakisifu.

Zamoyoni peke yake ndiye aliyekonda, na si kwa afya. Akiwa Mkakamavu wa Taifa, alipelekwa huku na huko kuonyeshwa, na kila alikopelekwa Waziri alimkaripia mbele ya wageni mara tatu, ili waone rangi. Hamu ya kula ikamwisha. Chai yake ikawa inaishia kwenye kisahani.

Asubuhi moja Bi Fausta alimshukia masijala, akafunga mlango.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, nimetazama mapigo yako ya miezi mitatu. Huo si ukakamavu. Ni hofu. Moyo hauwezi kukimbia hivyo kila siku bila miguu kwenda popote. Utachoka."

"Najua, mwanangu."

"Unajua?"

"Nani asiyejua? Jengo zima linajua. Lakini naogopa kusema." Akatazama bangili yake. "Unaona? Hata kukuambia hivyo tu, imekuwa njano."

*

Ikatangazwa kuwa Mkuu wa Nchi mwenyewe atakuja uwanja mkuu Jumanne, Siku ya Mapigo, kumwona Mkakamavu wa Taifa kwa macho yake.

Jumamosi kabla ya siku hiyo, alasiri, Siwema alikuwa barazani akishona, na Zamoyoni akipepeta mchele pembeni yake, gari jeusi liliposimama bila king'ora. Aliyeshuka alikuwa Mheshimiwa Kishindo, peke yake, bila dereva, amevaa kandambili.

Zamoyoni akaangusha ungo. Bangili ikawaka.

"Hodi hapa," Waziri alisema, na kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ya kimo chake.

"Karibu, baba," Siwema alisema. "Kaa hapo kwenye mkeka. Uji wa ulezi upo."

Mheshimiwa Kishindo alikaa. Alipewa bakuli, akalishika kwa mikono miwili, na bado uji ukammwagikia magotini. Alitazama nyuma, akatazama barabarani, ndipo akasema, "Bwana Zamoyoni, nimekuja tufanye jaribio. Jumanne usije ukaniangusha. Mkuu amesema akikuta tumemdanganya... Mimi nina mama mzee. Nina vidonda vya tumbo. Mimi huyu hata akinipigia simu naiweka chini ya mto kwanza, ndipo naipokea."

Mkono wa shati ulikuwa umepanda juu, na Zamoyoni akaiona bangili ya Waziri. Ilikuwa nyekundu. Mia moja arobaini na saba. Katika miezi yote ile hakuwahi kufikiri kwamba chini ya ile suti kulikuwa na mkono, na kwenye mkono bangili, na ndani ya kifua moyo unaogopa kuliko wake.

Alimtazama yule mtu mfupi mwenye uji magotini, na ndani ya kifua chake kitu kilichokuwa kimekazwa miaka ishirini na sita kikalegea taratibu.

"Haya," Waziri alisema, akaweka bakuli chini, akavuta pumzi. "WEWE! UNAFANYA NINI?"

"Napepeta mchele, Mheshimiwa," Zamoyoni alisema.

Bangili yake ilikuwa kijani. Sitini na nne.

Waziri aliikodolea macho. Akapiga kelele tena, mpaka kuku wa jirani wakaruka ua. Sitini na tatu.

"Usifanye hivyo," Mheshimiwa Kishindo alinong'ona. "Tafadhali, ogopa."

"Najaribu, Mheshimiwa. Haiji."

*

Jumanne uwanja ulijaa. Zamoyoni aliketishwa kwenye kiti cha mbele kati ya vile elfu mbili, na mapigo yake yakaonyeshwa kwenye kioo kikubwa kuliko nyumba. Mkuu wa Nchi alikaa jukwaani chini ya mwavuli wa njano. Mheshimiwa Kishindo alitoa hotuba kuhusu taifa lililojifunza kutoka jasho bila kuinuka kitini, kisha akamgeukia Zamoyoni na kumkaripia kwa karipio ambalo mpaka leo wazee wa mji huo wanalitumia kupima makaripio mengine.

Kioo kilisoma sitini na mbili.

Alikaripia tena. Sitini na moja. Mkuu wa Nchi aliegemea mbele.

Zamoyoni alimwona Waziri shati limemganda mgongoni. Angeweza kukaa tu, na yule mtu aliyemtesa robo karne angekwenda kuhesabu nzige kabla ya magharibi. Alilifikiria hilo, na kwa kitambo lilimpendeza. Halafu akakumbuka magoti yenye uji, akaona huruma, naye kwa maisha yake yote huruma hakuwahi kuishinda.

Alisimama. Akavua koti, akalikunja, akaliweka kitini. Akaanza kukimbia.

Alikimbia vibaya. Tumbo lilikwenda upande wake na miguu upande wake. Alizunguka viti, akashika njia ya pembeni ya uwanja, viatu vya ofisini vikipiga ardhi pa! pa! Kioo kikasema tisini. Kikasema mia moja na kumi, kikawa njano. Alipofika upande wa pili alikuwa anahema kama mvukuto, lakini hewa iliyomwingia kifuani ilikuwa tamu, na kabla hajajua alikuwa anacheka. Mia moja thelathini na tano. Nyekundu!

Watu wakapiga kelele bila ratiba.

Mkuu wa Nchi akainua mkono, wakanyamaza. "Hicho anachofanya ni nini?"

"Ni kukimbia, Mtukufu," Bi Fausta alijibu, kwa kuwa wengine wote walikuwa wanatazama viatu vyao.

"Anamkimbia nani?"

Zamoyoni alipomaliza mzunguko, akiwa ameshika magoti, walimsogezea kipaza sauti mdomoni. "Simkimbii mtu, Mtukufu. Nakimbia tu."

"Katika nchi yangu," Mkuu wa Nchi alisema, "mtu hakimbii bure."

*

Mheshimiwa Kishindo alibaki na uwaziri wake, kwa kuwa nyekundu ni nyekundu. Lakini jambo lilikuwa limeshatoka mkononi. Kesho yake asubuhi watu watatu walionekana wakikimbia njia ya hospitali. Keshokutwa walikuwa mia. Wiki haikuisha, mji mzima ulikuwa unakimbia, mama zetu na khanga zao, wakurugenzi na raba zao zilizokuwa bado mpya. Walirudi majumbani wamelowa, wanakula vizuri, na wakikaripiwa kazini wanasema, "Nimekusikia," kisha wanaendelea na kazi.

Serikali haikuweza kuacha mambo yaende hivyo. Ikatoa Fomu ya Kukimbia. Kila mkimbiaji aijaze kabla ya kuanza: jina, anwani, saizi ya kiatu, na kwenye mstari wa mwisho, uliopigiwa chapa nzito, *Jina la Anayekimbiwa.* Usiuache wazi.

Fomu zikarudi magunia kumi na moja, zikashushwa masijala. Zamoyoni alifungua gunia la kwanza, akasoma fomu ya kwanza, akaguna. Akasoma ya pili. Akamwita Bi Fausta wakasaidiana mpaka mchana. Miandiko ilikuwa mbalimbali, mingine ya shule, mingine ya kubahatisha, lakini kwenye mstari wa mwisho jina lilikuwa moja. Jina lenyewe lilikuwa kwenye noti, kwenye uwanja wa ndege na kwenye barabara zote mbili za lami.

Mheshimiwa Kishindo aliitisha kikao cha dharura. Majibu lazima yamfikie mwenyewe, na nani atayapeleka? Mkurugenzi wa kwanza alikumbuka ana msiba. Wa pili alikumbuka ni ndugu wa yule mwenye msiba. Waziri alifuta jasho.

"Nitayapeleka mimi," Zamoyoni alisema kutoka mlangoni. Akachagua fomu mia moja, akazifunga kwenye jalada kwa uzi, akakaza kamba za viatu.

"Mzee Pazi, gari lipo," Bi Fausta alimwambia.

"Si mbali, mwanangu. Acha niende kwa miguu."

Alikwenda mbio mpaka Ikulu. Alipoingizwa, Mkuu wa Nchi alizisoma fomu kumi za kwanza, akaruka katikati, akasoma ya mwisho.

"Wote?"

"Wote, Mtukufu. Magunia mengine yapo, ila ni mazito."

"Kwa nini wameandika hivi?"

"Fomu iliuliza, Mtukufu."

Mkuu wa Nchi alimtazama kwa jicho lililowahi kumfanya balozi mmoja asahau lugha yake. Zamoyoni alikuwa anajifuta jasho kwa leso.

"Na wewe je? Uliandika nani?"

"Mimi sikujaza. Wao wanakukimbia, Mtukufu. Mimi nimekukimbilia."

Walinzi wawili mlangoni walifumba macho. Mkuu wa Nchi aliliweka jalada mezani, akaunyoosha uzi wake kwa kidole. Alipozungumza tena, alizungumza polepole, kama mtu anayeuliza njia.

"Wananikimbia kwenda wapi?"

"Hawaendi popote. Wanazunguka mji, halafu wanarudi nyumbani kunywa chai. Ndiyo maana nchi bado ina watu."

Zamoyoni aliruhusiwa kuondoka. Getini walinzi walimshangaa anatembea, wakamuuliza mbona hakimbii. Akawajibu goti la kulia linauma, na tena jua limekuwa kali.

Kesho yake redio ya taifa ilikatiza muziki. Wananchi walitakiwa kuzirudisha bangili zote wizarani kabla ya Ijumaa. Wataalamu kumi na tisa, msomaji wa habari alisema, wamezichunguza na kukuta zina hitilafu isiyorekebishika: zilikuwa zinapima kitu ambacho hazikutumwa kukipima.